Kadriji tatu, tundu moja la PHONO

SWALI: Habari fundi. Niko Kisumu. Marehemu baba ametuachia santuri zaidi ya mia mbili. Nyingi ni zile ndogo za 45, benga tupu, D.O. Misiani na Shirati Jazz wakiwemo, na LP kiasi. Radiogramu yake ya zamani imenyamaza. Shemeji aliyekuwa Marekani amerudi na pleya ya santuri ya mtumba, ambayo sahani yake huzungushwa kwa mkanda, yenye kadriji (kile kikasha cha sindano) ya Denon DL-103. Ndani ya sanduku ametia nyingine mpya, AT-VM95E ya Audio-Technica. Nimeunganisha pleya kwenye amplifaya ya Kijapani yenye tundu la PHONO. Sauti ni ndogo mno. Nikifungua volyumu karibu mwisho nasikia mvumo, halafu shhh kama mvua ya mbali kwenye mabati. Fundi mmoja wa Kondele amesema PHONO ya amplifaya imekufa. Mwingine akaniambia nichomeke AUX, na ikawa mbaya zaidi, besi imepotea kabisa. Sasa mwenye duka Nairobi anataka kuniuzia priampu, kile kikuzaji kinachokaa kabla ya amplifaya. Ninunue? Na mbona nyimbo zenyewe zinaenda kwa uvivu, waimbaji wanasikika kama wana usingizi?

JIBU: Pole sana kwa kumpoteza mzee, dada. Umefanya vizuri kutoziachia santuri zake ziishie sokoni Kibuye.

Usitume pesa Nairobi bado. Kwa dalili ulizotaja, amplifaya yako huenda ni nzima kabisa. Mafundi wale wawili wamekosea kwa sababu moja: hakuna aliyeuliza kadriji inatoa milivoti ngapi. Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Kuna nyingine mbili, omu (kipimo cha ukinzani) na pikofaradi (kipimo cha kapasita), tutazifikia, lakini ukikosea ya kwanza hizo mbili hazitakuokoa.

Geuza amplifaya usome nyuma. Mashine za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi zimeandikwa kando ya tundu kitu kama "PHONO 2.5 mV 47 kΩ" na "AUX 150 mV". Maana yake ni kwamba ili amplifaya itoe nguvu zake zote volyumu ikiwa wazi, PHONO inahitaji kupokea milivoti 2.5, na AUX 150. DL-103 hutoa 0.3. Gawanya 2.5 kwa 0.3, unapata zaidi ya 8. Umeme unaoingia ni mdogo mara nane kuliko tundu linavyotarajia, pungufu ya desibeli 18 hivi. Wewe unafidia kwa volyumu, na volyumu haichagui: inakuza gitaa, inakuza mvumo wa stima, inakuza na makelele ya transista za mwanzo za amplifaya yenyewe. Hizo transista ndizo mvua yako ya mabatini. Kwenye AUX hesabu ni chungu zaidi, maana 150 kwa 0.3 ni mara 500.

Besi nayo ilipotea AUX kwa sababu tofauti. Santuri haikatwi jinsi sauti ilivyo. Wakati wa kukata, besi hupunguzwa makusudi ili mfuo (mchirizi ambamo sindano hupita) usiyumbe ukaingilia mfuo wa jirani, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mchakacho wa plastiki. Kanuni inayofuatwa inaitwa RIAA, ilikubaliwa Marekani mwaka 1954, ikaenea. Tundu la PHONO hurudisha mambo mahali pake: ukilinganisha na herzi 1,000, huinua herzi 20 kwa desibeli 19 na kushusha herzi 20,000 kwa karibu desibeli 20. AUX haifanyi lolote kati ya hayo. Ndiyo maana ulisikia mbu badala ya gitaa la besi, na santuri bila gitaa la besi si benga tena.

Sasa kadriji zenyewe. Unazo tatu, ukihesabu na ya mzee.

Ya radiogramu, kama ndiyo ya asili, karibu hakika ni ya kristali au ya seramiki. Hizi hutoa umeme mwingi, mamia ya milivoti, ndiyo sababu radiogramu hazikuhitaji PHONO. Za kristali zilitumia chumvi ya Rochelle, na chumvi hiyo haivumilii joto wala unyevunyevu. Kwa hewa ya kando ya ziwa, kunyamaza kwake si ajabu. Usijaribu kuichomeka kwenye amplifaya yako mpya. Kadriji ya aina hii hujibeba kama kapasita ndogo ya pikofaradi mia kadhaa, inataka mzigo, yaani ukinzani wa tundu inalochomekwa, wa omu milioni 1 au 2. Ukiipa omu 47,000 za PHONO, sauti zilizo chini ya herzi 4,000 hivi zinaanza kuyeyuka, na hapo ndipo muziki wote unapokaa. Isitoshe nyingi za zamani huikandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi. LP za mzee zisiguswe nayo.

DL-103 ni ya koili inayotembea, ile inayoandikwa MC. Ndani yake sumaku imetulia na koili ndiyo inayotikisika pamoja na sindano. Kitu kinachotikisika lazima kiwe chepesi, kwa hiyo mizunguko ya waya ni michache, na ndiyo maana ya milivoti 0.3. Si kadriji mbaya hata kidogo. Ilitengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Japani, NHK, na bado inauzwa. Sindano yake haichomoki: ikiisha, kadriji nzima imeisha.

AT-VM95E ni ya sumaku inayotembea, MM. Koili zimetulia, kwa hiyo zinaweza kuwa na waya mwingi, na inatoa milivoti 4.0. Linganisha na 2.5 za tundu lako: inatosha na chenji inabaki. Sindano yake huchomolewa kwa vidole, na za familia yote ya VM95 huingiliana kwenye mwili uleule.

(Tahadhari ndogo ukisoma karatasi za kadriji nyingine. Milivoti hizi hupimwa mfuo ukitembea sentimita 5 kwa sekunde. Karatasi nyingine za zamani zilitumia 3.54, na kadriji ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Zidisha kwa 1.41 ndipo ulinganishe.)

Kwa hiyo dawa ya leo, bila senti, imo ndani ya sanduku la shemeji: funga AT-VM95E, rudisha nyaya kwenye PHONO, weka DL-103 kabatini ikiwa na kifuniko chake. Kama nyuma ya amplifaya au mbele kuna swichi ya MM/MC, iwe MM. Kama pleya yenyewe ina swichi ya PHONO/LINE, iwe PHONO, la sivyo utakuwa umekuza mara mbili na kusahihisha besi mara mbili. Utasikia tope, na tope lenyewe linapasuka.

Kufunga si kazi ngumu, inataka utulivu na mwanga. Zima kila kitu na uchomoe plagi ukutani. Kama kichwa cha mkono kinafunguka kwa pete, kitoe ufanyie kazi mezani. Chomoa nyaya nne ndogo kwa kibano, ukishika kibati cha mwisho na si waya. Pini za nyuma zina mpangilio usiobadilika: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Fuata rangi zilizo kwenye pini, usifuate kumbukumbu ya jinsi DL-103 ilivyokuwa, kwani pini za kadriji mbili hazikai lazima katika nafasi zilezile. Kibati kikilegea, kibane kidogo sana. Kikikataa kuingia, kipanue kwa ncha ya kijiti cha meno. Usisode chochote kwenye pini, maana joto hupanda ndani na kukata waya wa koili ulio mwembamba kuliko unywele. Kwa sababu hiyohiyo usiruhusu mtu aipime DL-103 kwa mita ya kawaida "aone kama iko hai". Masikio yatakwambia.

Skurubu mbili huachana mm 12.7 kwenye kadriji zote mbili. VM95E ina nyuzi ndani ya mwili wake, haihitaji nati. Usikaze kabisa kwanza, kwa sababu utaisogeza mbele na nyuma ukiipanga juu ya karatasi ya kupimia pembe. Ukichapisha karatasi hiyo saibani, mwambie kijana achapishe kwa asilimia 100, kisha pima mstari wake wa kipimo kwa rula. Ikiwa imepungua hata mm 2, itupe.

Halafu uzito. Hapa wengi huharibu santuri wakidhani wanazihurumia. DL-103 ina gramu 8.5 na hukanyaga kwa gramu 2.5. VM95E ina gramu 6.1. Ukifunga nyepesi bila kugusa uzito wa nyuma ya mkono, umeondoa gramu 2.4 mbele, na sindano inabaki na kama gramu 0.1, inaelea. Sawazisha upya: zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sambamba na sahani, weka duara la namba kwenye sifuri, kisha zungusha vyote pamoja hadi 2.0. Audio-Technica wenyewe wanaruhusu 1.8 hadi 2.2. Chini ya hapo sindano hurukaruka ndani ya mfuo ikigonga kuta, na kila pigo ni alama isiyofutika. Mizani ndogo ya sonara inayosoma 0.01 ya gramu itakutoa shaka, ilimradi sindano iguse mizani katika urefu uleule wa santuri. Kizuia mteleko (anti-skate) kiweke 2 pia.

Ukisikiliza sasa, sauti inapaswa kuwa ya kawaida volyumu ikiwa mahali unapoiweka ukisikiliza redio, au juu yake kidogo.

Ikiwa ni ya kawaida lakini herufi "s" za waimbaji zinachoma na gitaa la solo linakata sikio, tumefika kwenye pikofaradi. Hili ni jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza kwa sababu halionekani kwa macho. Omu za VM95E hazina shida: MM karibu zote hutaka 47,000, na ndizo PHONO inazotoa. Lakini koili zake zina milihenri 550, na koili kama hiyo ikikutana na kapasita hujenga kilele mahali fulani kwenye sauti nyembamba, kisha baada ya kilele sauti inaporomoka. Kapasita hiyo hukuinunua, imo kwenye waya: waya wa ndani ya mkono, waya wa RCA unaotoka kwenye pleya, na kapasita ndogo iliyosodewa ndani ya tundu la amplifaya. Vyote hujumlishwa. Audio-Technica wanataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200. Ukiwa na 150, kilele kiko karibu na herzi 17,500, ambako watu wazima wengi hawasikii tena. Ukiwa na 300, kinashuka hadi 12,400. Ukiwa na 500 kinafika 9,600, katikati ya "s" na upatu.

Kufika 500 ni rahisi kuliko unavyofikiri. Waya wa RCA wa kawaida hubeba kama pikofaradi 100 kwa mita, mwingine hata zaidi, na amplifaya nyingi za zamani zina 200 au zaidi ndani. Mtu akitumia ule waya wa mita 3 wa DVD ili amplifaya ikae upande wa pili wa sebule, ameharibu kazi. Tumia waya wa mita 1 au pungufu. Unaweza hata kupima: toa kichwa cha mkono, chomoa RCA kwenye amplifaya, chukua mita yenye kipimo cha nanofaradi 2, pima kati ya pini ya katikati na ganda la nje, kisha toa kile ambacho nyaya za mita zenyewe husoma zikiwa hewani. Waya wako na mkono vikisoma 250, hujagusa hata amplifaya na tayari umepita kiwango. Ikiwa waya ni mfupi na bado sauti inachoma, fundi makini anaweza kufungua amplifaya, atafute kapasita ndogo inayotoka kwenye tundu la PHONO kwenda ardhini, na kuinua mguu mmoja wa kila upande. Afanye pande zote mbili. Kushoto kukiwa na pikofaradi 220 na kulia hakuna, kila gitaa litakimbilia upande mmoja.

Usichukue namba hizi ukazipa kadriji nyingine. Ortofon 2M Red, ambayo ni maarufu, inataka 150 hadi 300, kwa hiyo waya unaoiharibia VM95E unaweza kuifaa hiyo. DL-103 haijali kabisa, koili yake ni ndogo mno kujenga kilele ambacho sikio linaweza kukifikia.

Tukirudi kwa huyo DL-103, maana najua hutaki akae kabatini milele. Kuna njia tatu za kumlisha.

Ya kwanza ni kama amplifaya yako ina swichi ya MC. Ipeleke huko, umemaliza. Mzigo wa MC kwa kawaida ni omu 100, na ndio Denon wanaoutaja kuwa wa chini kabisa.

Ya pili ni transfoma ndogo ya kuinulia, inayokaa kati ya pleya na PHONO ileile ya MM. Haitumii stima. Hapa usinunue kwa kuambiwa "kubwa ndiyo nzuri". Transfoma ya 1:10 huinua mara kumi, lakini pia hugawanya mzigo kwa kumi mara kumi: omu 47,000 zinaonekana na kadriji kama 470. DL-103 yenye koili ya omu 40 inapoteza kidogo tu na unapata kama milivoti 2.8. Ya 1:20 hugawanya kwa 400, mzigo unakuwa omu 117, unapata kama 4.5. Ya 1:40 hugawanya kwa 1,600, mzigo unabaki omu 29, mdogo kuliko koili yenyewe, na unapata 5.0 tu. Umelipia mara mbili ya mizunguko, umepewa nusu milivoti, na kadriji imekabwa shingo. Kwa amplifaya ya milivoti 2.5, chukua 1:10 au 1:20. Iweke mbali na transfoma ya stima ya amplifaya, nusu mita ikiwezekana. Ikivuma, izungushe taratibu ukisikiliza, kuna pembe ambayo mvumo hushuka ghafla.

Ya tatu ni priampu ya nje, hiyo ya mwenye duka. Muulize maswali mawili kabla hajakueleza uzuri wa kasha lake: ina upande wa MC? Inakuza desibeli ngapi? Akisema 40, hiyo ni mara 100, na 0.3 mara 100 ni milivoti 30. AUX inataka 150. Utakuwa umenunua tatizo lilelile katika kasha jipya. Kwa DL-103 unahitaji karibu desibeli 60, mara 1,000, upate milivoti 300. Na kinachotoka kwenye priampu huingia AUX, hakiingii PHONO kamwe.

Kosa la kinyume nalo lipo, la kutia MM kwenye tundu la MC. Tundu likiwa na mzigo wa omu 100, koili ya VM95E na mzigo huo hufanya chujio linaloanza kula sauti kuanzia herzi 170 hivi kwenda juu. Utasikia kama redio iliyofunikwa blanketi. Likiwa na omu 47,000 na ukuzaji wa MC, milivoti 4 zinakuwa volti 4, vilele vinazidi hapo mara kadhaa, na sauti inapasuka. Hakuna kinachoungua katika hali zote mbili, kwa hiyo kama umewahi kujaribu, usiwe na wasiwasi.

Ukinunua priampu ya bei nafuu ya MM siku moja, angalia adapta yake. Zile zinazotumia volti 9 peke yake zina nafasi ya kutoa kama volti 2 hivi kabla ya kupasuka. Ikikuza mara 100, inamaanisha mwisho wake ni milivoti 20 zinazoingia. Santuri za 45 mara nyingi zilikatwa kwa nguvu ili zisikike baa, na vilele vyake vinaweza kufika mara nne ya kiwango cha kupimia. Kadriji ya milivoti 5.5 mara nne ni 22. Hapo utalaumu sindano bure. Zinazotumia volti 12 hadi 24, au chanya na hasi 15, zina pumzi zaidi.

Mvumo sasa. Sehemu yake itaondoka yenyewe ukifunga VM95E, kwa kuwa hutafungua volyumu hadi mwisho. Mvumo ukibaki, tafuta waya mwembamba wa tano unaotoka kwenye pleya, wenye kibati kama uma, na uufunge kwenye skurubu ya GND (ardhi) ya amplifaya. Gusa mkono wa pleya kwa kidole: mvumo ukipungua, ardhi haijashika mahali. Ukiongezeka kadiri sindano inavyosogea katikati ya sahani, unatoka kwenye mota, na ukipungua ukiihamisha pleya mbali na amplifaya, ulikuwa unatoka kwenye transfoma yake. Chaja za simu na taa za LED kwenye soketi moja na amplifaya huleta mlio wa nyuki, tofauti na mvumo mzito wa herzi 50. Na stima ikipotea ukawasha inveta ya bei rahisi ya sola, yenye wimbi la mraba, utasikia nyuki hao wengi. Hakuna kadriji itakayotibu hilo.

Kuna jaribio moja la haraka litakalokuonyesha kama umekosea rangi. Benga nyingi za zamani ni za mono, yaani kushoto na kulia hutoa sauti ileile. Weka moja, bonyeza kitufe cha MONO kwenye amplifaya. Sauti ikibaki imara, nyaya ziko sawa. Ikinywea karibu yote, upande mmoja chanya na hasi vimebadilishana. Rudi kwenye kichwa cha mkono. Upande mmoja ukiwa kimya kabisa, badilisha RCA za kushoto na kulia kwenye amplifaya: ukimya ukihama, tatizo liko kwenye pleya, ukibaki palepale, liko kwenye amplifaya, na hapo fundi wa Kondele atakuwa amepata kazi halali.

Uvivu wa nyimbo hauhusiani na kadriji. Bila shaka shemeji alikupa na transfoma ya kushusha 240 hadi 120. Transfoma hiyo inabadilisha volti, haibadilishi herzi. Marekani ni herzi 60, Kenya 50, na mota nyingi za pleya za mkanda hufuata herzi. Matokeo: 33⅓ inakuwa 27.8, na 45 inakuwa 37.5, nyimbo zinashuka kwa nusu toni tatu. Thibitisha kwa kubandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani na kuhesabu mizunguko kwa dakika 3 ukiwa kwenye 33. Sahihi ni 100. Ukipata 83, ndiyo hiyo. Usinyooshe wala kukata mkanda, hautabadilisha chochote. Peleka kigurudumu kidogo cha mota kinachovuta mkanda (puli) kwa fundi wa lethi wa jua kali, akunakilie kingine cha shaba au alumini chenye ngazi zilezile mbili, kila ngazi ikiwa pana zaidi kwa sehemu moja kati ya tano: penye mm 10 pawe mm 12, na ule uvimbe mdogo wa katikati unaoshika mkanda ubaki. Hesabu tena kabla ya kumlipa.